Asiyeaga Yuko Nyumbani

Kila jioni Nzai aliporudi kutoka Watamu, mama yake alimpokea kwa maneno yaleyale.

"Pole na kazi, baba."

Nzai alikuwa mpishi katika hoteli. Alirudi Matsangoni akinuka vitunguu na moshi. Alikaa kwenye kiti chake, akatekewa maji ya kuoga, na binti yake Purity akamvua viatu. Watu wote wa nyumba ile walijua kwamba Nzai amechoka.

Mapenzi, mkewe, naye alikuwa kazini tangu asubuhi, lakini hakuna aliyempa pole. Utampaje pole mtu ambaye hakwenda popote?

Kazi ya Mapenzi ilikuwa ya kompyuta. Kampuni moja ilikuwa ikimtumia sauti za watu waliohojiwa. Wengine walikuwa wakulima, wengine wafugaji, wengine akina mama wa kliniki. Walizungumza Kiswahili au Kigiriama, na Mapenzi alizijua lugha zote mbili vizuri. Alisikiliza, kisha akaandika kila neno walilosema. Alifanya kazi hiyo chumbani, juu ya kitanda, kompyuta ikiwa mapajani.

Kazi hii aliitafuta kwa machozi. Kabla yake alikuwa Mombasa, akishona nguo kiwandani. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kila alipoaga kurudi, Purity alimshika leso na kulia mpaka sauti ikakauka. Halafu ikaja siku moja Mapenzi alifika nyumbani, akapanua mikono, na mtoto akajificha nyuma ya bibi yake. Hakumjua mamake mzazi! Siku ile Mapenzi alikwenda nyuma ya jiko, akalia peke yake. Akaapa kwamba atapata kazi ya kumweka karibu na mwanawe.

Kazi akaipata. Lakini ilikuwa ya majaribio kwanza. Akifaulu, ataajiriwa. Akishindwa, basi, ni kurudi Mombasa.

Na alikuwa karibu kushindwa.

Sikiliza siku yake ilivyokuwa. Amekaa, amefungua kompyuta, anaanza kuandika.

"Hodi!"

Ni Trizah, jirani. "Mapenzi, kwa vile upo, nichajie simu."

Amerudi, amekaa.

"Hodi wenyewe!"

Ni Mzee Lewa. "Mwanangu, kwa vile upo, nisomee huu ujumbe. Macho yangu haya si macho tena."

Amemsomea. Amerudi, amekaa. Mara sauti ya Mama Nzai inatoka uani. "Mapenzi! Kwa vile upo, nitazamie mbaazi zisiungue." Na Nzai naye akiondoka asubuhi humwambia, "Fundi atakuja, kwa vile upo utamwonyesha pale paa linapovuja."

Kwa vile upo, kwa vile upo! Mtu mmoja alikuwepo kwa ajili ya kijiji kizima.

Lakini tusiwaonee watu. Mapenzi mwenyewe alikuwa na lake. Simu yake ilikaa pale juu ya mto wa kulalia, na kila ilipolia aliichukua. Wanakwaya wenzake wanataniana kwenye kundi lao, naye anacheka, anajibu, anasubiri kujibiwa. Akija kuinua kichwa, kivuli cha dirisha kimeshahama, na kazi iko palepale.

Siku moja msimamizi wake alimpigia simu. Aliitwa Fridah, mwanamke wa makamo. Alizaliwa bara, lakini alikuwa amekaa Shella, Malindi, miaka mingi. Naye alifanyia kazi nyumbani kwake.

"Mapenzi, nina swali," Fridah alisema. "Kuna mama hapa, anaeleza jinsi mtoto wake alivyochanjwa kliniki. Ukurasa unaofuata anampeleka sokoni."

"Nani, dada?"

"Huyohuyo mtoto. Tena anamsifu kwa wanunuzi. Anasema ana pembe nzuri."

Mapenzi akashika mdomo. Alikumbuka. Alikuwa akiandika habari za yule mama, Mzee Lewa akapiga hodi. Aliporudi alifungua sauti nyingine, ya mkulima na mbuzi wake, akaendelea kuandika palepale bila kutazama.

"Mimi nimecheka," Fridah alisema, "lakini wakubwa hawatacheka. Majaribio yako yanaisha mwezi huu. Ikija kazi nyingine kama hii, sitakuwa na neno la kukutetea. Unanielewa?"

"Nakuelewa, dada. Haitatokea tena."

Mapenzi akaweka simu. Aliiona Mombasa mbele yake, na mashine za kiwandani, na Purity akijificha nyuma ya bibi yake. "Sirudi," alisema kwa sauti. "Sirudi ng'o! Kesho nafunga mlango."

Na kweli, akafunga.

Asubuhi ile Purity alikuwa shuleni, na Mama Nzai alikuwa shambani. Mapenzi alivua ndara zake kizingitini kama kawaida. Akaingia, akafunga mlango, akatia komeo. Akateremsha pazia, akazima mlio wa simu. Akavaa vipokea sauti masikioni, akaanza. Lo, raha iliyoje! Kazi ilikwenda, vidole vilikimbia, na hodi haikusikika.

Wewe unayesoma, kama ni mtu wa huku kwetu, umeshalijua kosa. Huku mlango haufungwi mchana na mwenyewe yumo ndani. Ukiona mlango umefungwa jua linawaka, na ndara ziko nje, basi ndani kuna mgonjwa. Au kuna jambo zito kuliko ugonjwa.

Trizah alikuja na simu yake.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, Mapenzi!"

Kimya. Trizah akatazama mlango. Akatazama ndara. Akasogea, akatega sikio.

Sasa, Mapenzi alikuwa na tabia moja. Akiandika, hurudia maneno kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba dua. Na siku hiyo alikuwa akimsikiliza mfugaji mmoja wa Magarini aliyefiwa na ng'ombe.

"Amekufa," Trizah alisikia kutoka ndani. "Amekufa alfajiri. Tulimpa dawa, hatukuweza. Nimebaki na huzuni."

Trizah hakungoja kusikia zaidi. Aliweka mikono kichwani, akapiga ukemi.

"Uwiii! Jamani, njooni! Kwa Mama Nzai kuna msiba!"

Watu wakatoka kila upande. Akina mama walikuja na leso viunoni. Mmoja alikuja na mkeka kabisa, wa kukalia matanga. Mzee Lewa alifika na mtaimbo wa kuvunjia mlango. Mama Nzai alisikia ukemi shambani, akaja mbio na jembe mkononi, leso ya kichwani imeanguka njiani. "Ni nani?" alikuwa akiuliza. "Ni Nzai? Ni mwanangu Nzai? Jamani, niambieni!"

Ndani, Mapenzi alihisi ukuta unatikisika. Akavua vipokea sauti. Akasikia vilio. Akaruka kutoka kitandani, akafungua mlango, na macho yake yakakutana na mtaimbo wa Mzee Lewa ulioinuliwa juu.

Watu wote wakarudi hatua nyuma.

"Nani amekufa?" Mama Nzai aliuliza.

Mapenzi hakuelewa. Alitazama umati, akatazama mkeka. "Ni... ni ng'ombe, mama."

"Ng'ombe wa nani?"

"Simjui mwenyewe. Ni wa huko Magarini."

Kisha mtu mmoja akaangua kicheko, na wa pili, na uwanja mzima ukavunjika mbavu. Trizah alikaa chini kwa aibu, akajifunika uso. Lakini Mama Nzai hakucheka. Alikuwa ameketi mchangani, jembe pembeni, mkono kifuani.

"Umeniua, mwanangu," alisema. "Nimekuja mbio kumzika mwanangu."

Mapenzi akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe, mama. Nilitaka tu kufanya kazi." Machozi yakamtoka. Alijiona mjinga na mkosaji, na tena alikuwa na hasira, kwa sababu kazi yenyewe bado haikuisha.

Wakati huo mgeni aliingia uwanjani, mwanamke mwenye mkoba. Aliona watu, mkeka na machozi, akavuta mtandio, akafunika kichwa. Alikuwa Fridah. Alikuwa akitoka Kilifi kurudi Malindi. Alimpigia Mapenzi simu mara nyingi bila kujibiwa, akaona heri ashuke Matsangoni amwone kwa macho.

"Poleni sana kwa msiba," alisema kwa upole.

Watu wakaanza kucheka upya.

Majirani walipoondoka, wanawake watatu walikaa ukumbini. Mapenzi alipika chai. Alieleza yote, tangu hodi ya kwanza mpaka ng'ombe wa Magarini. Fridah alisikiliza bila kumkatiza.

"Nionyeshe mahali unapofanyia kazi," alisema.

Mapenzi akamwonyesha kitanda.

"Hapo?" Fridah akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, kitanda kinajua usingizi. Ukikaa hapo, kichwa nacho kinalala. Tafuta meza na kiti. Pawe mahali pa kazi tu. Ukikaa, kichwa kijue kwamba sasa ni kazi. Na simu?"

"Huwa hapa, juu ya mto."

"Iweke mbali. Kuizima mlio hakutoshi, maana mkono utaifuata. Mimi yangu naiacha chumba kingine, naichukua wakati wa kupumzika. Tena kichwa cha mtu hakifanyi mambo mawili kwa pamoja. Ukiamka katikati ya kazi, ukirudi fikra zimeshakwenda. Kuzirudisha kunachukua muda kuliko ile hodi yenyewe. Ndivyo yule mtoto wa watu alivyoota pembe."

Mapenzi alitabasamu huku macho bado mekundu.

"Kwa hiyo shika kazi moja mpaka mahali pa kutulia," Fridah aliendelea. "Hapo simama, nyoosha mgongo, kunywa maji, kisha rudi. Na uwe na saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Usipoiwekea kazi mwisho, itakula na usiku wako, na mtoto atakukosa ukiwa nyumba hiihii."

"Yote hayo nayaweza," Mapenzi alisema. "Lakini dada, kwako Shella una geti. Hapa hatuna geti. Mtu akipiga hodi nimfukuze? Nitaishi na nani?"

Fridah alizungusha kikombe mkononi. "Hapo sina jibu. Mimi ningekwambia ufunge mlango. Nawe umeufunga, nimeona."

Ndipo Mama Nzai akaweka kikombe chini.

"Mapenzi. Ulipokuwa ukirudi Mombasa, ulikuwa ukifanya nini kabla ya kuondoka?"

"Nilikuwa nakuaga, mama."

"Nzai akienda Watamu?"

"Anaaga."

"Na wewe, ukianza hiyo kazi yako asubuhi, unamuaga nani?"

Mapenzi akaitazama leso aliyovaa.

"Huniagi," Mama Nzai alisema. "Nakuona asubuhi na leso ya kulalia. Mchana nakuona na leso ileile. Asiyeaga yuko nyumbani, mwanangu. Na aliye nyumbani hutumwa. Mimi sikujua kama ile ni kazi hasa. Ungeniaga, ningekutuma vipi? Mtu aliyekwenda kazini hatumwi kutazama mbaazi."

Fridah alimgeukia yule mama, akacheka kwa furaha. "Mama, hilo sijapata kuambiwa mahali popote!"

"Nyumba ya Sanga iko tupu," Mama Nzai alisema. Sanga alikuwa mdogo wake Nzai, aliyekuwa akifanya kazi Lamu. Nyumba yake ya udongo ilikuwa nyuma ya jiko, karibu na mihogo. "Nenda huko kazini. Huku uwanjani niachie mimi."

Nzai aliposikia habari ile jioni, alicheka kwanza. Kisha akaona uso wa mkewe, akaacha kucheka. Siku yake ya mapumziko alivuta waya wa stima mpaka kwa Sanga na kutengeneza meza ya mbao. Mapenzi alifagia, akaweka kiti, akaning'iniza saa ukutani. Kisha akazunguka kwa majirani mmoja mmoja.

"Kuanzia saa mbili niko kazini," aliwaambia. "Saa kumi natoka. Mzee Lewa, nitakusomea hata jumbe kumi. Trizah, waya wa kuchajia nimeuweka ukumbini, njoo uchomeke mwenyewe."

"Haya, bosi," Trizah alisema, akabetua mdomo.

Jumatatu Mapenzi alioga mapema. Akavaa gauni na viatu, akachukua mkoba wake. Akasimama mbele ya mavyaa wake.

"Mama, nimekwenda kazini."

"Nenda salama, mwanangu."

Kikombe kikaanguka. Purity alikuwa akinywa uji kabla ya shule. Alisikia maneno yale, akauona na mkoba, akamrukia mama yake, akamng'ang'ania miguuni.

"Usiende! Mama, usiende! Sitakusumbua tena!"

Mtoto hakusahau. Neno "kazini" kwake lilikuwa Mombasa na siku zisizokwisha. Mapenzi akamshika mkono. "Njoo nikuonyeshe kazini kwangu."

Wakapita jikoni, wakapita kuku, wakafika kwa Sanga. Purity alitazama meza. Akatazama kiti na saa. Akafuta kamasi kwa mkono.

"Hapa ndipo Mombasa?"

"Hapa ndipo badala ya Mombasa," Mapenzi alisema. "Saa saba nakuja kula. Saa kumi natoka, tunacheza. Lakini nikiwa humu, niko kazini. Ukiniacha nifanye kazi humu, sitakwenda mbali tena. Umesikia?"

Purity akatikisa kichwa kukubali. Lakini alikwenda shule akigeuka nyuma kila hatua.

Haikuwa rahisi, nisikudanganye. Siku za mwanzo Mapenzi alisikia watu wanacheka uwanjani, na miguu ikamwasha. Mara nyingi alinyoosha mkono kutafuta simu ambayo haikuwepo. Siku moja alisimama kabisa, akafika mlangoni. Akakumbuka kile kilio cha Purity asubuhi ile ya Jumatatu. Akarudi, akakaa, akavaa vipokea sauti. "Mpaka mwisho wa sauti hii," alijiambia. Akafika mwisho. Akanywa maji, akanyoosha mgongo, akafungua nyingine. Kabla ya kuandika neno alihakikisha ni sauti gani.

Mlango wake ulikuwa wazi. Haukuhitaji kufungwa. Mama Nzai alikuwa amehamishia kazi yake ya kushona makuti pale mbele, na hakuna aliyempita.

"Hodi! Mapenzi yupo?"

"Yuko kazini. Saa kumi."

Trizah alisema kwamba Mapenzi ameota maringo. Lakini saa kumi Mapenzi alimpelekea simu yake mpaka kwake, akakaa, wakazungumza mpaka kiza kikaanza. Trizah akaona kwamba siku hizi Mapenzi akizungumza naye anamtazama usoni, hana haraka ya kukimbilia ndani. Maringo hakuyasema tena.

Mtihani mkubwa uliletwa na mwenye nyumba. Siku hiyo Nzai alirudi mapema, njaa inamuuma.

"Mapenzi!" aliita. "Chakula kiko wapi?"

"Mkeo yuko kazini," Mama Nzai alisema, sindano ya makuti mkononi.

"Kazini wapi, mama? Si yule pale? Namwona mgongo dirishani!"

"Huo mgongo uko kazini. Mimi nikija hotelini kwenu nikuite katikati ya kupika, utatoka?"

Nzai akakuna kichwa. "Sitatoka."

"Basi. Na wewe si mpishi? Jiko lile pale."

Nzai alikwenda jikoni. Alipika wali wa nazi ambao ukoo mzima uliusifu, na toka siku hiyo siku zake za mapumziko zikawa za kupika.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mapenzi alikuwa kwa Sanga, saa tisa imeshapita. Alikuwa amepumzika kidogo na kuichukua simu yake, nayo ikalia. Fridah.

"Umekaa?" Fridah aliuliza.

"Nimekaa, dada."

"Kazi zako zote wamezipitia upya. Hakuna hata mtoto mmoja mwenye pembe." Fridah akacheka. "Majaribio yamekwisha, Mapenzi. Wamekuajiri. Hongera, mdogo wangu."

Mapenzi aliweka mkono machoni. Alitaka kutoka mbio na kupiga vigelegele mpaka barabarani. Akatazama saa ukutani. Saa kumi bado. Na mbele yake palikuwa na mama mmoja wa Ganze, aliyekuwa katikati ya kueleza habari ya kisima chao. Mapenzi akairudisha simu mahali pake. Akavaa vipokea sauti, akamsikiliza yule mama mpaka mwisho, akaandika kila neno lake, machozi yakimdondoka kidevuni.

Saa kumi ilipofika alifunga kompyuta. Akachukua mkoba, akapita kuku, akapita jiko, akatokea uwanjani. Nzai alikuwa akimenya muhogo. Mama Nzai aliinua macho kutoka kwenye makuti yake, akamwona.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema.

Mapenzi akasimama. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo pale nyumbani. Alikuwa na habari njema mdomoni, lakini kwanza aliiitikia pole ile.

"Nishapoa, mama," alijibu.

Purity akavuta kiti cha baba yake, akakiburuta mpaka alipo mama. "Kaa," alisema. Mapenzi akakaa. Mtoto akapiga magoti mchangani, akaanza kumvua viatu.